Toska Hakukosea

Ijumaa iliyopita nilikuwa dukani kwangu Likoni nikimpimia mteja waya wa umeme, simu ikatetema mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Bakari, ambaye yuko Dubai mpaka leo. Bakari hana mazoea ya kutuma sauti. Yeye hupiga, na usipopokea hupiga tena mpaka uone haya mwenyewe. Nikajua kuna jambo. Nikaiweka simu sikioni, waya mkono wa pili, nikamsikia kwa lafudhi yake ya Kipemba ambayo miaka yote ya ugenini haikuipunguza: "Assalamu alaykum, yakhe. N'na habari, wala si njema. Toska kafa." Nikauzima hapohapo. Sikutaka kusikia zaidi mbele ya watu. Nikamkatia mteja waya wake, akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani, nikamwambia sina. Alipoondoka nikafanya jambo la kijinga ambalo nimelifanya mara nyingi nikipandwa na hasira: nikafungua ukurasa wa ile kampuni ya ulinzi niliyoifanyia kazi huko Dubai, nitazame kama picha yetu bado ipo.

Ipo. Toska amesimama mbele ya kontena, masikio wima, manyoya yanang'aa, na juu yake maneno makubwa ya Kiingereza kwamba pua hii haidanganyi. Upande wa kulia kuna mkono umeshika kamba, umekatwa kwenye kifundo. Mkono ule ni wangu, na kovu la kisu cha kufungulia maboksi linaonekana wazi. Walinikata mimi wakambakiza mbwa, mbwa yuleyule waliyetaka kumchoma sindano afe kwa kuwa ati ameharibika. Zaidi ya miaka kumi wanajipatia wateja kwa sura yake! Watu wengine hawana haya, wallahi, hata chembe. Mke wangu huniambia niache, yameshapita, nina duka na nina mvi. Siwezi kuacha. Wale wenye kutenda wanasahau haraka sana, na mimi nikisahau nani atakumbuka kwamba mbwa yule hakuwa na kosa?

Mimi sikwenda Dubai kushika mbwa. Nilikwenda kuwa mlinzi, na miezi ya mwanzo nilisimama kwenye geti la godauni huko Jebel Ali nikiwa nimevaa viatu vilivyonyonya joto la lami mpaka kwenye goti. Siku moja meneja wetu wa operesheni, tukimwita Sir Desmond, alikuja kutuuliza ni nani haogopi mbwa. Wapwani wote pale, Wakenya kwa Wazanzibari, walirudi nyuma hatua moja kana kwamba wameamrishwa. Mimi nikainua mkono. Sitajifanya kwamba nilikuwa na mapenzi na wanyama. Sikuwahi kumgusa mbwa tangu nizaliwe. Niliinua mkono kwa sababu gari la mbwa lilikuwa na kiyoyozi, na basi letu sisi walinzi lilikuwa na vipanga boi viwili, kimoja kibovu. Ukitaka kujua kampuni ile ilimthamini nani, sihitaji kukueleza zaidi. Na bado, utaona, hata huyo waliyempa kiyoyozi hawakumthamini.

Mabanda yalikuwa Ras Al Khor, nyuma ya karakana za kukatia magari mabovu, na aliyenifundisha kazi alikuwa Okello, Mganda aliyekuwa askari wa mbwa kwao kabla ya kuja kutafuta. Kijana mrefu, mcheshi, Mkristo wa kuimba, Kiswahili chake kikichechemea kwa raha zake. Alinikabidhi Toska, jike la rangi ya mchanga mbichi, uso mweusi, hajatimiza miaka mitatu, ambaye hakuweza kutulia hata akisimama. "Sasa wewe sikia," Okello aliniambia. "Huyu hafanyi kazi ya kampuni. Huyu anafanya kazi ya mpira." Akanionyesha. Ndani ya kikopo kidogo kulikuwa na harufu ya baruti ya mazoezi. Anakificha kati ya maboksi, mbwa anazunguka ananusa, akiipata harufu anakaa kitako, wima, hasogei. Kukaa ndiko kusema. Hapo unamrushia mpira wake, na kwake hakuna jambo kubwa duniani kuliko mpira ule. "Lakini wewe usijue kikopo kiko wapi," Okello akasisitiza. "Ukijua, mwili wako utasema. Utapunguza mwendo, utashika pumzi. Mbwa atakusoma wewe, ataacha kusoma maboksi." Nilicheka. Nilidhani ananitania mgeni.

Tuliishi chumba kimoja Al Twar, ghorofa ya zamani, vitanda vya kupandana: mimi, Okello, Bakari, na mtu mmoja wa zamu za usiku ambaye tulimjua zaidi kwa blanketi lake kuliko kwa sura. Mpishi alikuwa Bakari. Alikuwa dereva wa madam mmoja mstaafu, mwalimu wa zamani aliyekuwa na villa mitaa miwili tu kutoka kwetu, na jioni alirudi na samaki akatupikia mchuzi wa nazi wa kukufanya ulambe vidole. Wiki ile ile niliyoanza kazi ya mbwa, nilirudi nimeoga, nimevaa kanzu safi, nikakuta mkeka wetu umetandikwa kama kawaida, na karibu na mlango umetandikwa mwingine mdogo, na juu yake sahani mbili nyekundu za plastiki. "Hizo zenu nyie wa mbwa," alisema Bakari, akipakua wali bila kuniangalia. Nikamuuliza anamaanisha nini. "Sikutengi wewe, yakhe. Naitenga najisi." Nikamwambia najisi nimeiosha. Mimi pia nimesoma chuo cha Kurani, nayajua: mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa mchanga, na pale mabandani nilikuwa na ndoo yangu ya mchanga ambayo nilichota kutoka nje kila asubuhi. Mikono yangu ilikuwa imekauka kama ya mwashi kwa kuoshwa. "Na suruali?" aliuliza. "Na viatu? Na unywele mmoja ukiingia chunguni?"

Niliumia, sisemi uongo. Okello yeye, aliyekuwa akijipikia peke yake mpaka wiki ile, aliketi pale mlangoni akala kwa furaha, akasema hajawahi kupewa sahani yake mwenyewe toka afike Dubai. Mimi niliisukuma sahani kando. Mtu wa dini yangu, lugha yangu, ananilisha mlangoni kwa kazi niliyopewa na Waingereza na Wahindi na Waarabu na sijui nani, na hao wenyewe yeye hamtengi hata mmoja! Kilichonikera zaidi ni kwamba Bakari alijivunia msimamo wake. Alipenda kutusimulia jinsi alivyomwambia madam siku ya kwanza kabisa ya kazi, kwa Kiingereza chake cha kuhesabu maneno: "Driving, yes. Market, yes. Dog, no." Madam alikuwa na mbwa mzee wakati huo, na mbwa yule alipougua, mama wa watu alimbeba mwenyewe kwenye teksi kumpeleka kwa daktari, dereva wake amekaa nyumbani anakunywa chai. Bakari alisimulia hili akicheka. Nikamwambia siku moja kwamba kuna dini na kuna roho mbaya, asizichanganye. Hatukusemezana siku kadhaa, na samaki aliendelea kuja kwenye sahani nyekundu.

Na Toska? Toska alikuwa hodari. Miezi ile ya mwanzo hakuna kikopo alichokikosa. Nilijifunza mgongo wake kama mtu anavyojifunza njia ya kwao: mkia ukipanda, pumzi ikawa fupi, najua anakaribia. Asubuhi nikifungua banda hakunirukia kama mbwa wa sinema. Aliweka kichwa kwenye paja langu, akapumua, basi, twende kazini. Mchana joto lilipokuwa la kuchoma macho, tulikaa wawili nyuma ya gari la kampuni, yeye ananyoosha miguu juu ya buti zangu, mimi nakula chapati niliyofungiwa na Bakari kwenye karatasi. Ndiyo, alinifungia. Alinitenga, na hakuniacha nikalala njaa. Mtu wa ajabu yule. Nilianza kumsemesha Toska Kiswahili nikimwambia yote ambayo sikuweza kuwaambia watu, na akasikiliza vizuri kuliko wengi.

Kisha Sir Desmond akaanza kuleta wateja. Walikuja na makoti yao kwenye godauni, sisi tunaonyesha, mbwa anapata, wanapiga makofi, wanatia sahihi. Mara moja mbwa wa Okello alichukua muda mrefu, akazunguka mara mbili kabla ya kukaa, na mteja mmoja akatazama saa. Basi, balaa likaanzia hapo. Safari iliyofuata Sir Desmond alinijia kabla ya maonyesho, akaninong'oneza: "Safu ya pili, boksi la chini." Nikamwambia, sir, mimi sitakiwi kujua. Akanitazama kama niliyemwomba damu yake. "Mteja hataki kuona mbwa akitafuta, Kassim. Anataka kuona mbwa akipata. Yalla." Okello akajaribu naye, kwa heshima zote, kwamba mbwa ataharibika. Aliambiwa kwamba anayetaka kufundisha afungue shule. Tangu siku ile ikawa ndiyo desturi: kila maonyesho naambiwa mahali, na mazoezi ya kweli, yale ya kutojua, yakapunguzwa kwa kuwa yanakula muda. Mimi nilijitahidi kuuzuia mwili wangu, wallahi nilijitahidi. Lakini nani anaweza kuzuia pumzi yake mbele ya kiumbe anayekupenda na asiye na kazi nyingine ila kukutazama? Kufikia majira ya joto Toska alikuwa akifika kwenye boksi, ananusa nusu, kisha ananyanyua macho kuniuliza. "Banange, jamani, Kassim," Okello aliniambia kwa huzuni, "mbwa wako anakusoma wewe."

Ukaguzi wa serikali ulikuja asubuhi moja, palepale Jebel Ali. Afisa alikuwa kijana wa Kiarabu, mpole, sauti ya chini, aliyeficha kikopo yeye mwenyewe sisi tukiwa nje. Sir Desmond akamsogelea huku akitabasamu kumuuliza amekiweka upande gani, ili tu tujipange. Afisa naye akatabasamu, asimjibu. Tukaingia. Toska alianza safu ya kwanza, ananusa, ananitazama, ananusa, ananitazama. Niliufanya uso wangu kuwa ubao. Safu ya tatu kamba ikanasa kwenye msumari wa paleti, nikainama kuinasua, ni hilo tu, nikainama. Toska akaniona nimeinama, akakaa. Alikaa vizuri, kifua mbele, kama kwenye picha yao ile. Afisa akafungua boksi. Lilikuwa la malapa ya kuogea.

"Mbwa wako anakutazama wewe, hatazami kazi," alisema afisa. Kabla sijafungua mdomo, Sir Desmond akadakia: "Mbwa amezeeka, afisa. Tulikuwa tayari tunapanga kumbadilisha." Amezeeka! Mbwa ambaye hajafikisha miaka minne! Aliyasema bila kupepesa, mtu aliyeninong'oneza kwa mdomo uleule maboksi yote yale. Nikasema kwa sauti iliyonishtua mwenyewe: "Sir, mwambie kweli. Mwambie ni nani aniambiaye kikopo kiko wapi kila siku." Akasema, "Khalas, Kassim." Nikasema si khalas. Nikamgeukia afisa nikamweleza yote, maonyesho, wateja, minong'ono, Kiingereza changu kikikatika kwa hasira, na Okello nyuma yangu akitikisa kichwa kuthibitisha. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo la haki, na mpaka leo simlaumu: "Mfungue kamba. Wewe toka nje, funga mlango. Tumwone peke yake."

Nikamfungua, nikamwambia, "Tafuta, mama," nikatoka. Mlango ule ulikuwa na kidirisha cha kioo chenye vumbi, nikachungulia. Toska alinusa boksi la kwanza. Akanyanyua kichwa. Akazunguka kidogo, pua chini, na nikauona mgongo wake ule ninaoujua, mkia unapanda, pumzi fupi, nikasema moyoni, anakaribia, ya Rabi, anakaribia. Akapita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akija, akija, mpaka akafika kwenye mlango niliokuwa nimesimama nyuma yake. Akanusa upenyo wa chini. Akakaa kitako, wima, hasogei, macho juu, akingoja mpira wake. Afisa alikuja kufungua akanikuta nimeinamia pale ninalia kama mtoto. Hakucheka. Alisema tu, "Amekupata wewe," akaenda kutoa matokeo yake.

Hukumu nilipewa garini tukirudi Ras Al Khor, Toska amelala nyuma hana habari. Jumanne atapelekwa kwa daktari akachomwe sindano. Nikauliza kwa nini asipewe mtu. Sir Desmond akasema mbwa aliyefunzwa akiharibika hapewi mtu, akimng'ata mtu jina ni la kampuni. Na mimi mkataba wangu ukiisha, ndio umeisha. Alisema haya huku akitafuta stesheni ya redio. Nimekutana na watu wakatili maishani, lakini yule hakuwa hata mkatili, alikuwa na mambo mengine ya kufanya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Jioni ile sikukaa mlangoni. Niliichukua sahani yangu nyekundu nikaiweka katikati ya mkeka mkubwa, mbele ya Bakari. "Furahi basi," nilimwambia. "Jumanne wanamuua. Najisi yako inapungua mjini." Okello akaniambia nitulie. Nikasema situlii, nimetulia mwaka mzima. Bakari aliweka mwiko chini. Nilitegemea anijibu kwa ukali, tupigane tumalize. Badala yake akauliza, "Kosa lake hasa nini?" Nikamwambia hana kosa. "Alifunzwa akutazame wewe, akakutazama?" Ndiyo. "Na alomfunza hivyo?" Nikamwambia yuko ofisini, anakunywa kahawa. "Hii dhulma," alisema Bakari. "Dhulma ni dhulma tu, hata kwa mbwa." Akanipakulia wali, samaki juu yake, kwenye sahani ileile, palepale katikati, akaendelea kula.

Asubuhi yake, na hili nililisikia kwa madam mwenyewe baadaye, Bakari alisimama jikoni kwa yule mama, kofia mkononi, akamwambia, "Madam. Dog, yes." Mama hakuelewa mpaka alipoelezwa mara mbili. Alipoelewa akashika simu. Sir Desmond hakujua amekutana na nani. Mwalimu mstaafu aliyezoea kusikilizwa, hana kazi, hana haraka: alimpigia ofisini, akampigia njiani, akampigia akiwa mezani na wateja. Jumatatu mchana akasalimu amri. Mbwa achukuliwe, alisema, ila kwa sharti moja: pasiwe na mtu wa kutamka popote kwamba aliwahi kuwa wa kampuni. Sisi tukanyamaza kama tulivyoagizwa, na wao wenyewe wakambandika kwenye mtandao mpaka leo!

Tulikwenda kumchukua kwa gari la madam, Bakari akiendesha. Alikuwa ametandika nailoni kiti chote cha nyuma, na nyingine amejifunga mabegani, akaendesha amejikunja juu ya usukani kama mtu aliyeumwa tumbo. "Afanye atakavyo," alisema. "Asin'guse shingo tu." Toska alivumilia mpaka kwenye taa za barabarani za kwanza. Kisha akanyoosha kichwa katikati ya viti, polepole, akailamba shingo yote ya Bakari kutoka kwenye kola mpaka nyuma ya sikio. Loo! Bakari alisimamisha gari pembeni, akatoka na chupa ya maji akitafuta mchanga. Upande huu nyasi zilizopandwa, upande ule tofali za kutembelea watu. Dubai nzima ni mchanga, na siku hiyo hatukuona hata konzi moja. Tulizunguka mpaka tukakuta mahali wanapojenga, mlinzi wa Kinepali akatutazama Bakari anajipaka mchanga shingoni huku anahesabu kwa sauti, nami nimekaa chini nacheka mpaka mbavu zinauma. Alipofika saba akanitazama kwa ghadhabu, naye akacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka nikicheka vile mwaka ule.

Mwisho wa mkataba nikarudi nyumbani. Niliagana na Toska kwenye geti la villa, nikamwambia akae, akakaa, nikaondoka bila kugeuka kwa sababu nilimjua, ningegeuka asingebaki. Okello alikuja kurudi kwao. Bakari alibaki, na kila mara alinitumia picha, Toska kwenye bustani, Toska kivulini, kamba imeshikwa kwa vidole viwili na mkono uliovaa glavu ya kuoshea vyombo.

Ijumaa ile nilifunga duka mapema. Nikaketi juu ya debe la rangi, nikausikiliza ujumbe wote. Bakari alikohoa, akasema kafa usingizini, uani, hakuteseka. Akasema madam amekuwa mzee, hawezi tena kuinama, na mtunza bustani alikataa. "Basi n'kamchimbia mimi, yakhe. Chini ya ukuta, penye kivuli. N'kamweka kwa mikono yangu hii. Bila glavu." Nikasikia magari ya Al Twar yakipita. "Kisha nikaosha mara saba, usin'ulize, unan'jua. Na ile ya mchanga," akasita, "ile ya mchanga, nilitumia mchanga wa kaburi lake."